Krimu ya Magoti ya Ozella

Shemasi ni paka wangu. Nilimwokota mimi nyuma ya kanisa letu hapa Shreveport, mweusi mwenye kifua cheupe, na miaka saba alilala miguuni pangu. Kisha mdogo wangu Ozella akahamia kwangu na magoti yake mabovu, na wiki haikuisha paka akawa wa mapajani mwake.

"Usininunie, Verlene," Ozella aliniambia. "Anajua palipo na nyama."

"Anajua palipo na mvivu."

Nina miaka sabini na moja na nilimwonea mdogo wangu wivu kwa sababu ya paka. Cheka ukitaka.

Nikaanza kutafuta alichonacho yeye nisichonacho mimi, nikaona krimu. Mfamasia alimchanganyia yeye peke yake, kwa cheti cha daktari, chupa nyeupe ya kubonyeza. Kila asubuhi Ozella alijifungia bafuni nayo, akatoka amevaa suruali ndefu, na Shemasi akaja kusugua uso kwenye magoti yale yale. Nikasema, basi ndiyo hiyo.

Ozella alipokwenda kwenye mazoezi ya viungo, nilibonyeza mara mbili, nikajipaka viganja vya mikono. Lebo niliisoma. Lidokaini niliijua, ndiyo ya ganzi kwa daktari wa meno. Majina mengine matatu niliyaruka.

Jioni ile Shemasi alinilamba mikono mpaka nikasikia ulimi wake kama msasa. Nikamtazama Ozella.

"Leo kamkumbuka mwenyewe," nikasema.

"Afadhali. Nilikuwa nakuonea huruma."

Huruma yake ikaniuma kuliko magoti yalivyomuuma yeye. Nikapanda hadi mibonyezo minne, viganja na mikono mpaka viwikoni. Jumapili kanisani, wenzangu wamesimama kuimba, kichwa kilinizunguka nikakaa chini, midomo imekufa ganzi. Ozella akanipepea kwa upepeo wa kanisa.

"Roho amekushukia, au hukula asubuhi?"

Wiki ya tatu Shemasi aliacha kula. Akajificha chini ya kitanda, akatapika vitu vyeusi. Tulimpeleka kwa daktari wa wanyama, Daktari Landry, naye akamtoa damu na kurudi na uso mzito.

"Figo zinafeli. Nani nyumbani anajipaka dawa ya maumivu?"

Ozella akainua mkono. "Mimi. Lakini mfamasia alinionya kuhusu paka. Navaa glavu, nafunga magoti, nanawa." Akatoa mkobani karatasi ya maelezo, imekunjwa hata imechakaa.

Daktari akapitisha kidole: ketamini, gabapentini, lidokaini. Kikasimama kwenye la nne. "Flurbiprofeni. Kidogo tu humuua paka. Kama hakuilamba, nitafute ugonjwa mwingine. Kama aliilamba, nahitaji kujua lini na kiasi gani, niweze kuanza sasa."

"Labda sikunawa vizuri," Ozella akasema, machozi yanamtoka. "Ni mimi. Nitarudi kwa mwanangu Baton Rouge. Nisingekuja."

Sitadanganya: nililipenda neno lile. Baton Rouge ni mbali. Paka akipona angekuwa wangu tena, na hakuna ambaye angejua. Lakini Ozella hakuwa na lini wala kiasi gani. Nilikuwa navyo mimi.

"Jana jioni," nikasema. "Mibonyezo minne. Mikononi mwangu. Karibu kila siku kwa wiki tatu."

Daktari alishaondoka na paka kabla sijamaliza. Ozella alinigeukia.

"Wewe unaumwa wapi, dada?"

Nikaificha mikono nyuma.

"Ndiyo maana kanisani ulitaka kuanguka," akasema. "Mtu mzima, anaiba dawa ya watu apendwe na paka."

Shemasi alitundikiwa maji siku tano. Alirudi amekonda, akaenda moja kwa moja mapajani kwa Ozella. Chupa sasa iko kwenye sanduku lenye kufuli, na daktari wa Ozella amebadilisha mchanganyiko.

"Hakuwahi kutaka krimu," Ozella aliniambia. "Mimi sisimami, basi. Wewe unakaa dakika mbili, umekwenda kupangusa jiko. Kaa."

Nikakaa, mikono mitupu juu ya sketi. Shemasi alifungua jicho moja, akalifunga.

"Bado," Ozella akasema, akimkuna shingo. Nilitamani kumfinya mdogo wangu.

Sikuinuka.