Diski ya Tano Kutoka Kushoto

Ladislaus alitunza masijala ya hospitali ya misheni huko Newala kwa miaka thelathini, na hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Mwaka 2009 fundi wa kompyuta Veridiana alipopanda kutoka Masasi kuja kufunga seva mpya, yaani kompyuta kuu za kutunza kumbukumbu, mzee alimtazama binti huyo mzaliwa wa Kitangari kwa jicho la pembeni.

Hospitali ilikuwa na kompyuta kuukuu nne: ya usajili, ya dawa, ya maabara na ya faili za wafanyakazi. Moja ikizidiwa na vumbi, kitengo kizima kililala. Veridiana alileta seva mbili tu, na sanduku la chuma lenye diski nane.

"Zile nne zimehamia humu, Baba Rose," alimweleza Ladislaus, kwa jina la mtoto wake. "Zinaishi kama wapangaji kwenye nyumba mbili. Vyombo vyao vyote viko kwenye hili ghala la diski. Nyumba moja ikianguka, wanahamia ya pili na vyombo vyao wanavikuta."

"Maneno matamu hayo, mwanangu."

Siku ya kukabidhi kazi, saa nne asubuhi, kina mama wamefurika kliniki, Veridiana alishika waya wa umeme wa seva ya kwanza akauchomoa. Sista Agatha, mkuu wa hospitali, alishika kichwa. Dakika ya nne mashine zilikuwa zimehamia seva ya pili, na dirisha la usajili likaita jina la mgonjwa aliyefuata. Ladislaus alikuwa hajapata kuona fundi anayeiangusha kazi yake mwenyewe mbele za watu ili aone kama itasimama. Tangu hapo akawa hakosi kwenye chumba cha seva kila Veridiana alipokuja.

Masika ikaingia, barabara ya kutoka Masasi ikakatika. Asubuhi moja Ladislaus akaona taa ya rangi ya machungwa kwenye ghala la diski. Akampigia Veridiana simu.

"Ni ya ngapi?"

"Ya tano kutoka kushoto."

"Usiiguse kwanza. Nakala ya akiba ya jana ilikamilika?"

Akaenda kutazama. "Ilikamilika."

"Vema. Diski moja ikifa, zilizobaki zinabeba mzigo wake. Lakini ukichomoa iliyo nzima kwa makosa, tunapoteza faili zote. Nisomee namba ya kwenye kibandiko."

Akasoma. Alisikia Veridiana akifunua karatasi upande wa pili kulinganisha namba.

"Soma tena, Baba Rose, taratibu."

Akasoma tena, tarakimu moja moja.

"Ndiyo yenyewe. Ichomoe."

"Na nikikosea, mwanangu?"

"Namba imelingana, baba. Vuta tu."

Akavuta. Akachomeka diski ya akiba aliyoachiwa na Veridiana, na taa ya kijani ikaanza kupepesa. Ng'ambo ya ukuta, Zuhra wa dirisha la dawa aliendelea kugawa vidonge bila kujua lolote. Hadi alasiri diski mpya ilikuwa imejazwa kumbukumbu za ile iliyokufa, na haikupotea hata faili moja.

Veridiana alifika siku ya tatu, kipande cha mwisho kwa miguu, matope hadi magotini. Akaamkia shikamoo, akaenda moja kwa moja kukagua kila taa, ndipo akacheka.

"Umefanya kazi ya fundi, Baba Rose."

"Fundi ni wewe," alisema Ladislaus, na mbele ya Sista Agatha akalirudia neno hilo. Kisha akaomba afundishwe kuhamisha mashine, wale wapangaji, kutoka seva moja kwenda nyingine. Wakaanza hapo hapo, kabla binti hajanawa miguu.