Mkono wa Mavis

"Nyoosha mkono, mpenzi. Vipanue vidole kama unakausha kucha," alisema Berni, akaanza kumpulizia Mavis rangi ya ngozi kutoka begani kushuka chini.

Rangi ilikuwa ya baridi. Mkono wa kushoto wa Mavis ukatokea taratibu: bega, kiwiko, kisha kifundo chenye kovu alilolipata akitoa ovenini keki ya binti yake Kirsty, alipotimiza miaka saba. Sehemu nyingine za mwili wake zilikuwa bado hazionekani. Berni alijua zilipo kwa sababu alikuwa amechora nyayo mbili kwenye sakafu ya hema alilolisimamisha sebuleni, kando ya televisheni, na wateja wa namna hii aliwaomba wasimame juu yake wasisogee. Alikuwa nao wanne pale mjini Birkenhead, wote wanawake waliopita miaka sitini.

Mavis alianza kufifia mwaka aliofiwa na mumewe, Colin. Hakuugua. Watu walianza tu kumkalia kwenye basi. Nguo alizovaa zilififia pamoja naye. Vitu alivyoshika havikufifia. Siku hizo dawa yake ilikuwa kitanda cha taa za kuipa ngozi rangi ya jua. Kila Alhamisi, kwa miaka kumi na tisa, alilala kati ya zile taa ndefu kwa dakika kumi na mbili, akatoka akiwa mtu wa kusalimiwa. Kitanda kile kilikuwa na joto. Kifuniko kiliposhuka, hakuna kitu kingine katika wiki nzima kilichomkaribia kiasi kile.

Kisha daktari akamkata kipande cha nyama chini ya bega la kulia, ukubwa wa kifungo cha koti, akamwambia taa zile zinamdhuru, asizirudie tena. Ndipo akahamia kwa Berni. Rangi ya kupulizwa haichomi. Hudumu siku sita, kisha hutoka kwa mabaka, na viwiko huwa vya mwisho kupotea.

Jumapili mjukuu wake, Orla, alikuwa anabatizwa. Kirsty alikuwa amempigia simu. "Mama, safari hii basi uonekane. Katika picha za Krismasi hukuonekana hata moja." Mavis alikuwemo katika zote. Ndiye aliyeshika bakuli la viazi. Safari hii alitaka apigwe picha amempakata mtoto.

Berni alikuwa anahamia mkono wa pili mlango ulipofunguliwa. Aliingia Kirsty mwenyewe, funguo za gari zikimning'inia mdomoni. Alizitoa.

"Berni, shoga, niokoe! Najua zamu yangu ni saa kumi na moja, lakini ukumbini hata viti havijapangwa. Nipulize sasa hivi, nakuomba."

"Nina mtu ndani."

Kirsty akachungulia hemani. Aliuona mkono umenyooka hewani.

"Lo, rangi tamu hiyo! Nipake hiyo hiyo. Ya mwaka jana ilinifanya karoti inayokwenda harusini."

"Mama yako atakuja Jumapili?" aliuliza Berni.

"Nimemwalika. Lakini si unamjua mama? Huwezi kujua yupo au hayupo. Nimempangia jikoni, akate keki, huko hatasumbuliwa na mtu. Kwenye picha Orla atapakatwa na mama mkwe, yeye anatoka vizuri."

Berni alifungua mdomo, lakini akahisi kifundo chake kikibanwa kidogo na ule mkono mwingine wa Mavis, ambao ulikuwa haujapakwa. Akaufunga mdomo.

"Mwenye mkono hatanuna nikimpita?" aliuliza Kirsty.

Mkono ukainua kidole gumba.

"Asante, dada! Watu kama wewe hamko wengi."

Mavis akatoka hemani akapita kando ya binti yake. Alinusa shampoo ya mtoto kwenye sweta lake. Akavaa koti jeusi, lile pana lisilokwaruza rangi. Berni akamfuata hadi mlangoni huku akijaza rangi kwenye kichupa.

"Kesho saa tatu asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Nitamaliza mwili, halafu uso. Ukikaa kwa muda wa saa nane bila kugusa maji, Jumapili uko tayari." Akakaza kifuniko. "Bado unataka?"

"Niandike saa tatu," alisema Mavis.

Nje mvua ilikuwa ya manyunyu. Dereva wa basi aliuona mkono mmoja wa koti umeinuliwa kituoni, akasimama. Mavis alikaa dirishani. Katika kituo cha pili mwanamke mmoja alimwekea mfuko wa mkate mapajani, akaendelea kusoma simu yake. Mavis aliushikilia usianguke mpaka mwenyewe akaja kushuka.

Nyumbani alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akavaa glavu ya kusugulia mkono wa kulia. Ngozi iliyosuguliwa hushika rangi vizuri zaidi. Berni husema hivyo kila mara. Alisugua goti moja, halafu la pili, kwa kupapasa, mkono wa kushoto ukiwa umening'inia nje ya beseni usilowe. Alijaribu mgongo, akaishia mbavuni. Zamani Colin ndiye aliyekuwa akimsugua hapo, akiimba matokeo ya mpira.

Maji yakapoa. Akaitundika glavu ikauke. Mgongo angemwachia Berni kesho, pamoja na uso.