Tope la Wifi

Shuka nyeupe ilitoka mtoni na rangi ya chai, na dobi akajua wa kumlaumu. Wifi yake alilima huko juu mlimani, na tangu waache kusalimiana, kila mvua iliteremsha tope.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" alimfokea mumewe. "Ni dada yako huyo!"

"Labda si yeye."

"Unamtetea?"

Akajifunga kibwebwe, akaufuata mto kwenda juu. Kila vijito viwili vilipokutana, alishika njia ya kile kichafu. Lakini kwenye makutano ya mwisho, kijito kilichotoka shambani kwa wifi kilikuwa safi, kokoto zinahesabika. Matuta yake yalikingama kwenye mteremko, yakizuia udongo.

"Umekuja kunipeleleza, wifi?"

"Nimekuja kutazama maji."

"Basi katazame yale." Wifi alinyoosha jembe kuelekea kijito chekundu pembeni.

Dobi alikipanda akihema, hadi kwenye shamba jipya ambalo matuta yake yalishuka na mteremko kama mifereji. Akasimama ghafla. Lilikuwa lake mwenyewe. Njia aliyoizoea ilizunguka sana, hata akaamini liko ng'ambo ya kilele. Ndiyo maana alimwambia mumewe wasijisumbue kulima matuta ya kukingama: tope lingeteremkia upande wa pili, kwa watu wasiowajua.

Aliinua macho. Kilele kilikuwa bado juu yake.

"Wifi!" sauti ya wifi yake ilipanda kutoka chini. "Umemwona mwenye tope?"