Kawakawa Kichwani Siku ya Harusi

Asubuhi ya harusi ya mwanawe Tamahou, dada yangu Makareta aliamka bila sauti. Si kukwaruza, la, haikuwepo kabisa! Alifungua mdomo anikemee kwa jinsi nilivyomenya viazi vitamu, ikatoka pumzi tupu, nami, Mungu anisamehe, nikacheka.

Kicheko kilinikauka upesi. Watu wa bibi harusi walikuwa njiani kutoka Whanganui kuja huku Hokianga, na kwetu mgeni hakanyagi marae, uwanja wetu wa mikutano na sherehe, mpaka mwanamke wa nyumbani amwite kwa sauti. Mwitaji wetu ni Makareta. Mimi ni mdogo wake, na mdogo haiti wageni mkubwa wake akiwa hai, isipokuwa mkubwa mwenyewe amruhusu. Nakaribia miaka sitini na hajaniruhusu hata mara moja. Nikimwomba hunijibu, "Erana, sauti yako ni ya kuitia kuku." Inaniuma, sifichi.

"Basi leo niite mimi," nikamwambia.

Akakataa kwa kichwa. Akaonyesha koo, akaonyesha msitu ng'ambo ya kijito, akachora hewani jani lenye umbo la moyo. Kawakawa! Yeye ndiye anayetutibu sote hapa, na sasa alitaka dawa yake mwenyewe, haraka.

"Najua. Yale yaliyoliwa na viwavi ndiyo yenye nguvu."

Akanyoosha kidole linakochomoza jua, kisha akafumba macho na kuinamisha kichwa.

"Upande wa mashariki, na sala kwanza. Dada, hata ukiwa bubu unanifundisha!"

Nikatoka mbio na gauni langu jeusi la sherehe. Niliomba, nikachuma vitawi vichache vya upande wa jua, majani yametobolewa mpaka raha. Kurudi, nikakuta kijito kimejaa. Mkono mmoja nikashika viatu, wa pili nikapandisha gauni. Na vitawi je? Nikavizungusha kichwani, nikavikaza, nikaingia majini huku nikijisifu kwa akili.

Njia ya mkato inatokea katikati ya uwanja. Nikachomoza pale nahema, maji yananitiririka usoni, na langoni wamesimama watu wa Whanganui, basi zima, wananikodolea macho.

Gauni jeusi, uso uliolowa, kawakawa kichwani. Kwetu hilo lina maana moja tu: ndani kuna maiti.

Kilio kikalipuka! Bibi Huhana, mwitaji wao, akaanza kuomboleza. Wanawake wakavunja matawi kando ya barabara na kujivika kichwani. Bibi harusi akachomeka lake juu ya shela jeupe na kupiga yowe, "Tamahou! Jamani, Tamahou wangu!"

Tamahou mwenyewe alikuwa nyuma ya jiko anafukia nyama kwenye shimo la mawe ya moto, hana habari.

Nikayavua majani, nikamkimbilia Makareta barazani. "Tafuna, dada, tafuna!"

Akarudi nyuma kama nimemwonyesha nyoka. Ndipo akili ikanijia. Kichwa ni kitakatifu, na kilichovaliwa kichwani hakiingii mdomoni. Nilikuwa nimeiharibu dawa yenyewe!

Akasogea mbele, akajaribu kuita hivyo hivyo. Mishipa ya shingo ilimsimama. Pumzi tupu. Akajaribu tena, machozi yakamtoka, na kule langoni kilio kikazidi. Akanitazama. Kisha akanishika mabega, akanigeuza niwaelekee wageni, akanisukuma.

Nikaita!

"Njooni, wageni wa mbali, njooni! Futeni machozi, hakuna aliyekufa! Bwana harusi mzima, ana masizi usoni! Majani haya ni dawa ya dada yangu aliyepotewa na sauti, na mjinga aliyeyavaa ni mimi! Njooni, njooni!"

Halafu Bibi Huhana akaitikia, sauti ikitetemeka kwa kicheko anachokibana: "Tunakuja, ewe mjinga wa Hokianga, tunakuja!" Wakaanza kutembea. Bibi harusi alitaka kukimbia, shangazi zake wakamshikilia shela. Nilifurahi kupita kiasi.

Baada ya sherehe nilichuma majani mengine, safari hii kwa kikapu, nikamchemshia dada. Alikunywa siku kadhaa bila kusema neno. Asubuhi moja nilikuwa nasugua sufuria, nikasikia nyuma yangu:

"Ulianza juu mno."

Nikageuka. "Umepona!"

"Usinikatize. Jumapili wanakuja watu wa Kaitaia. Anza chini, ndipo upande."

"Aanze nani? Mimi?"

"Sasa nani tena? Koo langu bado linauma," akasema Makareta, kwa sauti iliyowaamsha mbwa wa jirani.