Wahabeshi wa Mzee Zieseniss

Traugott Reinbeck aliupata uprofesa kwa mkasi. Zamani historia ya falsafa ilikuwa porojo za utangulizi tu, mwalimu akizipitia haraka kabla ya somo lenyewe. Sasa chuo kilikuwa kimeipa kiti chake cha uprofesa na kitabu chake cha kufundishia, na kitabu hicho alikiandika yeye. Ila mkuu wa kitivo alimpasulia: "Bwana Reinbeck, falsafa imeanzia kwa Wayunani. Hao Wahabeshi na Wahindi wako wapelekee watu wa dini. La sivyo, kiti atakikalia mwingine."

Basi akawakata. Kurasa mia na ushee za mwanzo, na yote yaliyomo alikuwa amefundishwa na mwalimu wake, Mzee Zieseniss, aliyepofuka kwa kusoma Kihabeshi na Kiajemi maisha yake yote. Akazichanachana, asije akabadili nia.

Kitabu kilipotoka, akakipeleka kwa mzee Jumapili mchana. Alikwenda kuungama, wallahi, alikwenda kuungama.

"Profesa mzima unabisha hodi kama mgeni!" mzee alicheka. "Kaa, mwanangu. Nisomee. Anza na Wahabeshi wangu."

Sema sasa, mwanamume wewe! Wapi. Reinbeck alifungua ukurasa wa Wayunani, akaukodolea macho, na mdomo ukasoma kwa kichwa yale aliyoyachana: habari za mzee wa Uhabeshi aliyewauliza wafalme haki ni nini. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Mzee akalia waziwazi. "Hukuniangusha, Traugott. Wenzangu walinicheka, eti vijana wa leo watanionea aibu. Wametahayari wao!" Akapaza sauti jikoni. "Jette! Lete lile sanduku la chini ya kitanda. Si kila siku wanigombeza, kuni hamna, makaratasi yamejaa? Haya, umeshinda, yachome."

Binti yake akaja akiliburuta. "Baba, hii si kazi yako ya miaka arobaini?"

"Yote yamo kitabuni sasa. Muulize Profesa."

Jette akamgeukia. "Ati kweli, yote yamo?"

Duniani kote hapakuwa na nakala nyingine ya makaratasi yale. Alipokuwa akikata, alijifariji nayo: yapo kwa mzee, iko siku mtu atayachapa. Neno moja tu lingetosha kuyaokoa, na neno hilo lingemwambia mzee kila kitu.

"Yamo," alisema.

Jette akafungua kijilango cha jiko la kuni lililopasha chumba joto, akatia fungu la kwanza la makaratasi.

"Ah, joto zuri," mzee alisema, akanyoosha mikono. "Endelea basi, mwanangu, mbona umenyamaza?"

Reinbeck akaendelea kusoma, akaendelea, mpaka akafika mahali asipokumbuka tena.