Kiapo cha Gharib

Mwaka ule wa themanini na nane, hapa Malindi kura zilipigwa kwa miguu. Unakwenda uwanja wa shule, unasimama nyuma ya picha ya mtu wako, ulimwengu mzima ukikuona, na msimamizi anahesabu vichwa. Mwanatumu alikuwa wa Dena kufa kupona, maana Dena ndiye aliyewapelekea mfereji wa maji kwao Ngomeni. Mumewe, Gharib, alikuwa wa Garama. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu kwa makelele, sababu hana.

Siku ya kuamkia kura, Gharib alisimama barazani, majirani wote wakisikia. "Wallahi, atakayehesabiwa nyuma ya Dena hatakula wala hatalala ndani ya nyumba hii!"

Mwanatumu alicheka mbele za watu, lakini jikoni kicheko kilimwisha. Gharib akishaapa, ameapa. Naye alimpenda mbishi huyo, afanyeje?

Asubuhi alijipanga kwa Dena, buibui kalikaza kiunoni, vigelegele mpaka koo likamkauka. Upande wa pili Gharib alirukaruka na watu wa Garama, ila kila akimtupia mkewe jicho, alisahau kuruka. Wenziwe wakamcheka, "Bwana wee, leo unalala na nani?" Mwanatumu akamwona anavyofuta jasho, akamhurumia mno.

"Dena, nisamehe," alinong'ona. "Mfereji tayari tunao." Akachomoka, akazunguka nyuma ya madarasa, akajipenyeza kwenye mlolongo wa Garama.

Filimbi ikalia. "Hakuna kutoka! Tunahesabu!"

Akamtafuta Gharib mbele, hayupo. Nyuma, hayupo. Kutazama ng'ambo, loo! Gharib kasimama kwa Dena, pale pale alipokuwa yeye, anaangaza huku na huku. Alikuwa amekimbia kumtoa mkewe kabla hajahesabiwa. Msimamizi akamgusa bega, akamhesabu, akapita.

"Msaliti!" watu wa Garama wakamzomea. Watu wa Dena wakamkumbatia. Mwanatumu akacheka mpaka akakaa chini mchangani.

Dena akashinda. Kichwa kimoja kilikuwa kimetoka na kimoja kimeingia, hesabu ikabaki ile ile.

Jua lilipotua Gharib alikuwa barazani juu ya mkeka, hathubutu kuvuka kizingiti. Majirani walipita wakimwamkia kwa adabu zote, "Mtu wa Dena, hujambo?" Harufu ya wali wa nazi ilimtesa. Mlango ukafunguka, Mwanatumu akatoka na sinia.

"Kula."

"Nimeapa, mke wangu."

"Kiapo chako ni cha ndani ya nyumba. Hapa ni nje."

Gharib akala kama mtu aliyetoka kufunga. Mwanatumu akarudi ndani, na alipotoka tena alikuwa na chandarua na mito miwili.

"Wewe huna kiapo," Gharib akasema. "Kalale kitandani."

"Sogea huko," akamjibu. "Mtu wa Garama naye ana usingizi."