Kadi Mpya ya Na-rae

Na-rae alikuwa na kompyuta ya dukani, ile inayouzwa ikiwa imeshafungwa kila kitu kiwandani. Kwa kazi za ofisi ilimfaa, lakini kila alipofungua mchezo wake wa mbio za magari, gari lilikwenda likishtukashtuka kama lina kwikwi. Jumamosi moja akanunua kadi ya picha, kifaa cha ndani kinachochora picha za skrini, akailaza kompyuta ubavu katikati ya sebule yao mjini Daegu, Korea, akashika bisibisi.

Mama mkwe wake, Bi Geum-sil, alikuwa ameketi sakafuni juu ya gazeti, akichambua dagaa wa supu. Alipoona ubavu wa kompyuta umefunguka, akawaacha dagaa, akasogea.

"Ndani mna nini?"

"Vumbi, mama."

"Hilo naliona. Chini ya vumbi?"

Na-rae akamwonyesha: hapa ndipo inapofikiri, hapa inapokumbuka, kisanduku hiki kinagawa umeme. Mama akainama mpaka miwani ikagonga bati.

"Mbona sanduku kubwa na vitu vichache? Wamekuuzia hewa."

"Hewa ndiyo inayoipoza. Usiguse, mama, una mikono ya dagaa."

"Basi itanukia."

Kadi ilikuwa ndefu, ikagota kwenye fremu ya diski ambayo haikutumika tena. Na-rae akaing'oa fremu, kadi ikaketi mahali pake. Akafunga, akachomeka nyaya, akawasha. Feni zikavuma, mchezo ukafunguka, na gari likaondoka na kwikwi ileile.

Na-rae akaweka bisibisi chini.

"Nieleze tena," alisema mama. "Picha inatoka wapi, inafikaje kwenye skrini?"

"Mama, sasa hivi sina hamu."

"Mimi ninayo."

Na-rae akageuza kompyuta, akaonyesha kwa kidole. "Kadi inachora. Picha inatokea kwenye tundu la kadi, inapita kwenye waya huu, ina..." Kidole kilikuwa kimefuata waya mpaka kwenye tundu lingine, la juu, la siku zote.

"Mbona umenyamaza?"

"Nimechomeka kwenye tundu la zamani la kompyuta, si la kadi."

"Kwa hiyo kadi imekaa tu, haina kazi?"

"Imekaa tu."

"Kama mume wako Jumapili."

Na-rae akacheka hadi akashindwa kushika waya vizuri. Alipouhamisha, gari likatiririka barabarani kama maji, na majani ya pembeni yakaonekana moja moja. Mama akaomba usukani.

"Nyuma ya kile kilima kuna nini?"

"Sijui. Mbio haziendi huko."

"Gari haliwezi?"

Katika miaka yote aliyocheza, Na-rae hakuwahi kujiuliza. Mama akaiacha barabara, akakatiza nyasini, magari mengine yakampita. Nyuma ya kilima palikuwa na bwawa dogo na bata wawili.

"Na hawa pia wamechorwa na kadi?"

"Na hawa pia."

"Nionyeshe pa kusimamisha," alisema mama, "tuwatazame."